Rangi Kabla ya Bati

Benedicta alikuwa na miaka kumi na moja ya ufundi wa mabasi, lakini mumewe alipokwenda kununua gari la zamani hakumuuliza kitu. Goodluck, mwalimu wa hisabati, alinunua kwa mzee mmoja Volvo Amazon ya mwaka 1966, akakodi nusu ya banda huko Tumba, Uswidi walikoishi, akatangaza wakiwa mezani, "Hii ni kazi ya familia. Kila Jumamosi, sisi watatu."

Wa tatu alikuwa binti yao, Eve, mwenye miaka kumi na sita.

Jumamosi ya kwanza Benedicta aliingia chini ya gari na bisibisi. Aligonga sakafu ya gari mara mbili tu, bisibisi ikapenya hadi kwenye mpini.

"Baba Eve, huku chini kumeliwa na kutu. Tukate, tuchomelee bati jipya kwanza. Mengine baadaye."

"Sawa, sawa," alisema Goodluck, macho kwenye simu, akitazama video ya mtu anayepiga gari rangi.

Ikawa hivyo kila wiki. Yeye bati, mumewe rangi. Goodluck alitaka gari ling'ae kabla ya Midsommar, sikukuu ya kiangazi ya mwezi Juni, ambapo familia za kanisani hukutana. Eve alipewa msasa, akasugua milango wiki sita mpaka vidole vikachubuka.

Mwezi Mei Benedicta alipangiwa zamu za wikendi tatu mfululizo. Aliporudi bandani alikuta gari la buluu, rangi bado mbichi, mumewe kando yake anatabasamu, na Eve na glavu zake mikononi.

"Unaonaje, Mama Eve?"

"Na sakafu?"

"Sakafu nani anaiona?"

Benedicta alichukua jeki, akaiweka chini ya mlango wa dereva, mahali pake hasa, akaanza kuinua ili amwonyeshe. Gari lilipanda kidogo, bati likalia, jeki ikazama ndani ya kutu. Gari likashuka kwa kishindo. Mlango ukabana, na rangi mpya ikapasuka kutoka bawaba hadi gurudumu.

"Umefanya makusudi!"

"Makusudi? Na kama ningekuwa chini yake?"

Eve alitupa glavu sakafuni. "Mama alisema tangu siku ya kwanza," alisema kwa Kiswidi. "Alisema, baba! Nimesugua bure." Akatoka kwenda kituo cha treni peke yake.

Kilichomuuma Benedicta hakikuwa gari. Kazini, mafundi wenzake hawakugusa breki kabla yeye hajasema. Nyumbani kwake alisema wiki sita, na hakuna aliyesikia.

Midsommar ilifika, wakaenda kwa treni. Kila mtu aliuliza gari liko wapi. Goodluck alijibu "bado kidogo" mara nyingi mno, mwishowe akaacha kujibu.

Agosti ndipo alipomfuata mkewe jikoni. "Nianzie wapi?"

"Kwangua rangi yote ya chini ya milango. Wewe mwenyewe. Nikija nikute bati tupu."

Alikwangua Jumamosi mbili. Ya tatu Benedicta akaja na mashine ya kuchomelea, Goodluck akamshikia bati jipya. Eve walimwita, akasema hataki hata kusikia habari za banda lile.

"Nyoosha," alisema Benedicta.

"Nimenyoosha."

"Hujanyoosha, Baba Eve. Sogeza kwangu."

Goodluck akasogeza, upande mwingine.