Fundo la Isale

Theodora alipandisha kutoka mtoni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akakuta watu saba wamekaa uani kwake kama kuna msiba. Hakuna aliyeinuka kumtua. Akautua mwenyewe, nusura umwangushe.

"Shikamoo, Meku Leodegar," alimsalimu mzee wa ukoo.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Anakaribishwa kukaa nyumbani kwake mwenyewe.

Ronald, kaka yake, alikuwa amepanda kutoka mtaa wa Soweto, mjini, na gari la kuazima. Bonde zima lilijua sababu. Kilabuni kwa Mama Evelyn habari ilishanyweka pamoja na mbege: Ronald amepata mnunuzi, mtu wa loji. Jamaa huyo alisimama kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu baba yao, akatazama chini mpaka kule mpunga wa Mabogini unakometa, akasema hapa hapa, hata migomba ing'olewe kesho. Kikwazo ni Theodora. Aliachika, akarudi nyumbani, akamwogesha baba miaka tisa, akamzika pale pale chini ya kahawa, akampandia masale kuzunguka kaburi. Siku ya Marehemu juzi aliwasha mishumaa mingi mno hapo, mmoja ukaunguza majani ya masale. Sasa amefungua kesi baraza la ardhi, inasikilizwa Alhamisi. Ronald aliposikia alimtukana nje ya kanisa, misa imetoka, watu wamejaa: "Mwanamke karudishwa kama debe bovu, leo anataka urithi!"

Leo Ronald alikuwa mpole. Mkononi alishika jani la isale, amelifunga fundo.

Huku mlimani anayeletewa isale kuombwa msamaha hakatai. Wapo waliouliwa watoto wao wakalipokea.

Ronald alipiga goti moja, akichunga suruali yake isiguse tope. "Dada, nilikosa. Mdomo ulinizidi. Nisamehe."

"Ulikosa nini?"

"Si nilikutukana, jamani!"

"Tusi tu?"

Meku Leodegar alikohoa. "Theodora. Isale haliulizwi maswali."

"Pokea bwana, mwenzio goti linamuuma," alidakia Mama Evelyn, na watu wakacheka.

Theodora aliinamisha macho, akanyoosha mikono yote miwili kama mama yake alivyomfundisha. Akapokea. Vigelegele vikapigwa. Mama Evelyn, ambaye jana tu alikuwa amemwambia, "Usikubali, watakumaliza," ndiye aliyepiga kirefu kuliko wote.

Ndipo Fabian, mtendaji wa kijiji, akatoa karatasi kwenye bahasha ya nailoni. Ilikuwa imeshachapwa. Akasoma kwa sauti ya matangazo: "Kwa kuwa ndugu hawa wamepatana kimila mbele ya wazee, mlalamikaji ameondoa shauri lake la ardhi..."

"Subiri! Nimesamehe tusi. Kihamba sijasamehe."

"Mama, unasamehe nusu? Na juzi ulikomunika kanisani?" aliuliza Fabian.

"Sisaini."

"Usisaini. Wazee wanasaini." Fabian alinyoosha mkono. "Hebu hilo isale. Linakaa na karatasi."

Theodora alimtazama Meku Leodegar, aliyemshika siku ya ubatizo. Mzee alikuwa anatafuta miwani ili asaini.

Alhamisi alifika barazani saa mbili, amevaa kitenge cha misa. Aliitwa saa nane. Karani, binti mmoja anaitwa Rachel, alifungua faili bila kuinua uso.

"Shauri lako limeondolewa, mama."

"Sijaliondoa mimi."

"Hiki ulipokea wewe au hukupokea?"

Alimgeuzia faili. Isale lilikuwa limebanwa kwenye karatasi kwa pini mbili za stepla, na juu yake kalamu nyekundu imeandika: Kielelezo A.

"Nililipokea, lakini—"

"Basi. Anayefuata!"

Theodora hakuondoka. Siku ile uani hakuwa amelitazama vizuri. Sasa aliliona. Lilikuwa bado bichi, kijani kabisa, isipokuwa ncha: ilikuwa imeungua, nyeusi, na tone la nta ya mshumaa limegandia pale.

"Mama, tupishe," alisema Rachel. Akafunga faili, akaliegemezea kiwiko ili lilale, kwa maana fundo lilikuwa nene.