Feni Inazunguka, Basi Ni Nzima

Mdogo wake mume wangu anajiita Profesa. Alisoma kozi fupi ya kompyuta, akarudi na cheti kwenye fremu na kichwa kimemvimba. Tangu siku hiyo, kompyuta yoyote hapa nyumbani ikipiga chafya tu, dawa yake ni ile ile: kufuta kila kitu na kupiga window upya.

Safari hii mgonjwa alikuwa kompyuta yangu ya mezani, ninayohariria video za sherehe. Nikitazama picha, imetulia kama maji ya mtungini. Nikiiambia iunganishe video nzima, inakwenda kidogo, halafu pu, giza. Na video yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mjane, ambaye angekuja kuichukua alasiri hiyo hiyo. Mumewe alizungumza kwenye harusi ya binti yao, na hata mwezi haukuisha akafariki. Sauti yake haikuwepo popote pengine. Kadi ya kamera, kama ilivyo kawaida ya kazi yetu, ilishafutwa ikaenda kurekodi sherehe ya watu wengine.

"Kirusi hicho," Profesa alisema hata kabla ya kukaa. "Nipishe niipige window."

"Kirusi gani, shemeji, kinachongoja mpaka mashine ipewe kazi nzito? Hiyo pawa saplai, kiboksi kinachogawa umeme humo ndani, imechoka. Umeme haitoi wa kutosha."

Alicheka kile kicheko chake cha puani. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kitandani akikunja nguo, akadakia: "Mwachie mwenzio aliyesomea, mwanangu."

Nilimpisha kwa heshima ya mama tu. Moyoni nilikuwa nachemka.

Profesa akaichomoa pawa saplai kwenye boksi la kompyuta, akaitia umeme peke yake, akaunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi kwa kipande cha waya ili iwake. Feni yake ya ndani ikazunguka. Akamgeukia mama yake, mikono kiunoni, utadhani amefufua mtu.

"Mmeona wenyewe? Inazunguka. Nzima kabisa hii!"

Feni! Mgonjwa mahututi naye anapepesa macho, lakini nani anamtwika gunia? Profesa yeye angemtwika, tena angemshangaa akianguka. Akashika flashi yake ya window, nami nikaziba tundu la flashi kwenye kompyuta kwa kiganja.

"Ukiichomeka hiyo, shemeji, leo tutavunjiana heshima mbele ya mama."

Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikaweka ncha za mita yangu ya kupimia umeme kwenye waya wa njano na mweusi. Mashine ikiwa imepumzika, mita ilisoma volti kumi na mbili, kama inavyotakiwa. Nikaanzisha kazi ya video. Namba zikaanza kuteremka machoni petu, zikapita kumi na moja, kisha giza. Harufu ya kitu kilichoungua ikatoka nyuma ya boksi.

"Labda mita mbovu," akasema Profesa.

"Labda. Basi lete pawa saplai ya kompyuta yako, tujaribu."

Hapo uso ulimshuka. Kompyuta yake haifanyi kazi yoyote duniani zaidi ya kuchezea gemu la mpira. Alimtazama mama yake amtetee, lakini mama mkwe alikuwa ananusa ile harufu. "Kamletee," akamwambia.

Akaileta, nikaifunga kwa bisibisi yangu mwenyewe. Video ikaunganishwa mwanzo hadi mwisho bila hata kukohoa, na mjane akabisha hodi nikiwa bado naikagua. Nikampa kiti mbele ya skrini.

Nilidhani Profesa angejificha chumbani kwa aibu. Aibu gani! Alisimama nyuma ya kiti cha yule mama, akaanza: "Unajua, mama, tatizo lilikuwa kubwa. Mimi nilipoichunguza nikagundua umeme wa ndani—"

Kwenye skrini mzee alikuwa amesimama na kipaza sauti, anakohoa kidogo.

"Baba, nakuomba unyamaze," mjane akasema bila kugeuka. "Namsikiliza mume wangu."

Mzee akawaambia wageni kwamba sherehe imechelewa kwa sababu mkewe alibadilisha nguo mara tatu.

"Mwongo wewe!" yule mama akamjibu, akacheka, machozi yakimtiririka. "Mara mbili tu!"