Hodi ya Tatu

Goti la Bi Twaiba lilikuwa limekwisha gegedu, mfupa unasaga mfupa. Madaktari wa Mombasa wakamtoa uboho nyongani, wakaotesha seli zake mwenyewe, wakazipandikiza gotini ndani ya kipande laini kama sifongo. Wakamwonya: wiki sita asikanyagie mguu ule, wala asishuke kitandani bila mtu wa kumshika. Akiukanyagia seli hazijashika, kazi yote imekwenda na maji.

Haya, mjane peke yake Mwabungo, na mwanawe Nassir yuko na malori Mackinnon Road. Kadzo wa jirani alimwachia chai na chakula kila asubuhi, akaurudishia mlango, akaenda zake sokoni. Kutwa nzima Twaiba alihesabu mabati. Upweke ulimuuma kuliko kisu cha daktari.

Wiki ya nne akasikia hodi. Ilikuwa sauti ya Husna, dadake mkubwa wa Msambweni, aliyenuniana naye tangu hitima ya mama yao, miaka miwili sasa. Twaiba akaita karibu mpaka koo likakauka, lakini Husna masikio yalishakuwa mazito. Hodi ya pili. Twaiba akateremsha mguu, kisigino kikagusa sakafu, akamkumbuka daktari. Hodi ya tatu. Na mstaarabu hapigi ya nne, wala haingii asikokaribishwa. Makubadhi yakaburuta mchangani, yakaenda.

Twaiba alilia mpaka adhuhuri. Akamtuma Kadzo kwenda kueleza. Husna akajibu kwamba mlango ulikwisha kumjibu.

Wiki sita zilipotimia, picha ikaonyesha gegedu changa limeshika. Daktari akafurahi, Twaiba akamshukuru kwa adabu tu.

Siku alipoweza kutembea vizuri, safari yake ya kwanza ilikuwa Msambweni. Akapiga hodi mara tatu. Ndani alisikia mchele ukipetwa ungoni, asiitikiwe. Akaingia hivyo hivyo, bila kukaribishwa, na kumwinamia dadake sikioni.

“Shikamoo, dada.”

Husna hakuitikia. Alilitazama lile goti.

“Nilipiga hodi mara tatu.”

“Nilizisikia zote,” Twaiba akasema. “Nikachagua goti. Nisamehe.”

Husna akachambua mchele kitambo kirefu. Kisha akasogea, akamwachia nafasi mkekani, na Twaiba akakunja goti, akaketi.

“Marahaba,” Husna akasema.