Kura Yenye Jina

"Andika unavyotaka, lakini jina langu usilitie!" Paraska Wityk alikuwa ameshika jembe lake kama mlinzi wa mpaka. "Nimechoka, Olena. Miaka ishirini na minane nimechekwa kwa midomo. Sasa mnataka nichekwe kwa chapa?"

"Mama Wityk, si mimi. Ni kamati," nilimjibu kutoka upande wangu wa uzio.

"Kamati ndiyo nani? Kamati ina kalamu? Kalamu unayo wewe!"

"Stan anasema kisa hicho ndicho watu wanachokisubiri. Anasema bila wewe sura nzima itakuwa tarehe na hesabu tupu."

"Basi mwambie Stan aweke habari za mama yake. Zile zitauza vitabu mpaka Winnipeg."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alilichomeka jembe katikati ya matuta ya viazi akasogea mpaka kwenye waya.

"Mjukuu wangu Darka yuko chuoni Saskatoon. Atakinunua kitabu hicho. Atakifungua, atamkuta bibi yake, mjinga aliyewakosesha watu hospitali kwa kusaini karatasi ya kura. Na mimi sikusaini, Olena. Niliweka eksi kama nilivyoambiwa." Halafu sauti ikamshuka. "Au nilisaini? Siku hizi hata sijui. Mtu akiambiwa jambo moja miaka yote hiyo, anaanza kuliona. Mimi ninaiona ile penseli. Ninauona mkono wangu ukiandika."

Nilimwambia nimeacha sufuria jikoni. Sufuria haikuwapo. Nilikwenda kuketi mezani mbele ya makaratasi yangu, uso ukiniwaka kama niliyezabwa kibao.

Mkoa wetu wa Saskatchewan ulikuwa unatimiza miaka sabini na mitano, na kila kijiji kilikuwa kinaandika kitabu chake. Kamati ya Dobrovka iligawa kazi: huyu kanisa, yule shule, mwingine timu ya magongo. Mimi nilipewa historia ya uchaguzi ya jimbo letu la Lindholm. Si kwamba nimesoma. Stan Romanchuk, mwenyekiti, alisema wazi mbele ya watu: "Mpeni Olena, anajua nani alilala wapi tangu enzi za farasi." Walicheka, nami nikacheka, maana ni kweli. Birika langu halikauki, na anayepita kwangu huacha habari moja akaondoka na mbili.

Mwanzo wa sura ulinitoka kama maji. Jimbo lilipewa jina la bwana mmoja wa reli ambaye hata kushuka kwenye treni hapa hakushuka. Kaskazini walikaa Wanorwe, kusini tukakaa sisi Waukraine, katikati kijito. Miaka ishirini na mitatu kiti chetu cha bunge la mkoa kilikaliwa na Gunder Lokken. Ushindi wake ulikuwa wa namna moja tu: siku ya kura, Wanorwe aliwapelekea magari ya kuwabeba, sisi alitupelekea pipa la bia siku moja kabla, ili siku yenyewe tusiamke. Mwaka ambao pipa halikutosha, tukaamka na kumnyima kura, barabara ya kokoto aliyokuwa akiijenga ikaishia pale pale kwenye kijito. Mpaka leo pale panaitwa Hasira ya Lokken, na magari bado yanakwama.

Lokken alipoanguka mwaka wa arobaini na nne, alikuja Mnorwe mwingine, mpole zaidi, lakini Mnorwe. Hatukuwahi kupeleka mtu wetu bungeni hata mara moja. Ndipo mwaka wa hamsini na mbili akasimama Dmytro Bodnar, mwalimu wa shule yetu. Aliahidi hospitali ya vitanda kumi hapa Dobrovka. Wakati huo mama mwenye uchungu alipelekwa maili arobaini, na wakati wa theluji ni kwa gari la farasi. Paraska mwenyewe alimzaa Ivanko njiani, akamzika kabla ya kubatizwa. Hakuna aliyemtaka Bodnar ashinde kuliko yeye. Alipita nyumba kwa nyumba, na asiyefungua mlango alimgongea dirisha.

Hapa kalamu ilikuwa inakwama. Wiki tatu ilikwama hapo hapo.

Mambo yenyewe ni haya. Baba yangu alipofika nchi hii hakujua kuandika. Siku ya kupewa shamba lake aliweka eksi kwenye karatasi, na karani akamwonyesha karani mwenzake, wakacheka. Baba hakuisahau ile eksi. Kila jioni ya utoto wangu alinikalisha na ubao: "Andika jina lako. Lote. Eksi ni ya ng'ombe." Nilipofika darasa la sita niliacha shule, lakini jina langu nilikuwa naliandika vizuri, kama harusi.

Hamsini na mbili nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na hiyo ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza. Kituo kilikuwa shuleni, na msimamizi alikuwa Torvald Aasen, Mnorwe mrefu asiyependa maneno. Alinipa karatasi akasema, "Eksi moja, mbele ya unayemtaka." Nikaenda nyuma ya pazia. Palikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi. Nikaona jina la Bodnar, mtu wetu, kwa chapa, nikafikiri: leo ndiyo niweke alama ya ng'ombe? Mbele yake nikaandika, polepole, kwa mwandiko wangu bora kabisa: *Olena Kuzyk*. Nilitoka nimeinua kidevu.

Jioni hiyo wakala wa Bodnar alikuja kwetu ametokwa jasho. Kura moja imetupwa, alisema. Imesainiwa, na kura inayomtaja mwenye kura haihesabiwi. "Nani?" baba aliuliza. Wakala akasema Aasen alikataa kulionyesha jina; alilifunika kwa kidole gumba, akawaonyesha mawakala kwamba kuna maandishi, akaitia kwenye bahasha na kuibandika. Alisema kiapo ni kiapo. Baba akatikisa kichwa: "Mjinga gani huyo?" Nami nilikuwa namimina chai.

Siku ya tatu hesabu ya jimbo zima ikatoka. Bodnar kura elfu mbili mia moja na kumi na nne. Mnorwe elfu mbili mia moja na kumi na nne. Jaji wa mjini alihesabu upya, akapata vile vile. Ile iliyosainiwa aliitazama akaitupa, hakuwa anamjua Kuzyk wala nani. Kwa sheria ya siku hizo, kura zikifungana, msimamizi mkuu wa jimbo ndiye anayeamua. Aliamua. Haikuwa kwetu.

Asubuhi yake duka la Dobrovka lilijaa kama matangani. Kila mtu anauliza ni nani. Waliorodhesha nani anajua kuandika na nani hajui, na orodha ikaanza kusogea: "Binti Kuzyk je? Huyu si ana mwandiko..." Nikasema kwa sauti kubwa, kabla mtu hajamaliza:

"Jamani, mbona mnahangaika? Nani anasaini kila kitu siku hizi? Si Paraska!"

Duka zima likaangua kicheko. Maana majira hayo Paraska, mama wa watoto watatu, alikuwa amejifunza jina lake kwenye madaftari ya wanawe, na alikuwa analiandika kila mahali: magunia ya unga, ndoo, mlango wa banda, hata tumbo la nguruwe kwa makaa. Nilipoona wamecheka nikaongeza, nikawaigizia Paraska akilamba penseli. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Saini. Posta: "Mama Saini, umeshasaini?" Kanisani, kwenye mishumaa: "Usiisaini, mama." Mwanzoni aligombana nao. Baadaye akanyamaza. Jina lake akaacha kuliandika, hata kwenye magunia.

Aasen alikuwemo dukani asubuhi ile, ananunua misumari. Alinitazama, si kwa muda mrefu. Akavaa kofia akatoka. Alikufa mwaka wa sitini na tisa na hakuwahi kumwambia mtu.

Bodnar alihamia Edmonton. Hospitali ikajengwa kaskazini ya kijito. Uchaguzi uliofuata tulishindwa kwa mamia, unaofuata kwa mamia zaidi, na mwaka wa sabini na nne mipaka ikachorwa upya, jimbo la Lindholm likafutwa. Hatutalishinda tena kwa sababu halipo. Ile sare ndiyo mahali pa karibu kabisa tulipowahi kufika.

Niliandika: *Kura ya mpiga kura mmoja ilikataliwa.* Nikampelekea Stan kwenye karakana yake ya matrekta. Alisoma akiwa ameegemea tairi.

"Mpiga kura mmoja? Ndiye nani, malaika?"

"Haina haja ya jina, Stan."

"Haina haja! Olena, hiki ndicho kisa pekee tulichonacho! Na wewe ndiye uliyetuambia. Nilikuwa pale, nimekaa juu ya pipa la siki. Ukaigiza na penseli. Tulicheka mpaka baba yangu akashikwa na kikohozi." Alinirudishia makaratasi. "Jumatatu yanakwenda kwa mpiga chapa. Uandike wewe, au niandike mimi. Na nikiandika mimi nitaweka na nguruwe."

Jumapili ilikuwa sikukuu ya kanisa letu. Sikukuu hiyo nyumba ya Paraska hujaa kila mwaka, na kila mwaka mimi huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mwaka huo baada ya misa alinipita bila kunisalimu. Nilikaa kwangu nikiwasikia wakicheka kupitia dirisha. Saa nane nikaondoka, nikaingia kwa Paraska kwa mlango wa nyuma, wa jikoni.

Alikuwa peke yake, anamwagia siagi na vitunguu juu ya beseni la pyrohy, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani.

"Kama umekuja kuomba ruhusa," alisema bila kugeuka, "hupati."

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe nini?"

"Ile kura. Jina lilikuwa langu. Niliandika Olena Kuzyk, lote."

Kijiko kilibaki hewani, siagi ikidondoka juu ya jiko, pembeni ya beseni.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile."

"Kabla ya dukani?"

"Kabla ya dukani."

"Kwa hiyo ulijua, ukasema mimi."

"Walikuwa wameshanitaja, mama. Niliogopa. Nikakutaja wewe kwa sababu... kwa sababu nilijua watacheka."

Alikiweka kijiko. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, na nikaona midomo yake inatembea kama ya mtu anayejisomea.

"Niliweka eksi," alisema.

"Uliweka eksi, mama."

"Nilikandamiza sana mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Nilikuwa naogopa haitaonekana. Ndiyo. Ndiyo, ilitoboka." Akakaa juu ya kigoda. "Olena, mimi nilimwungamia padri. Unasikia? Pasaka tatu nimeungama dhambi ya kumnyima Bodnar kiti. Nimepiga magoti kwa ajili ya jina lako."

Nilisema nisamehe, na hata masikioni mwangu neno lilisikika dogo, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye foleni.

"Hilo baadaye," alisema. "Hilo sijui. Usiniulize leo."

"Nitaiandika. Kesho asubuhi nampelekea Stan, na jina langu."

"Kitabu!" Aliinuka. "Kitabu kitatoka Krismasi. Watu wangapi hapa wanasoma? Wewe ulinitangaza kwa kalamu? Ulinitangaza kwa mdomo, na kwa kuigiza." Akalibeba beseni, akalisukumia mikononi mwangu, likaniunguza. "Huko ndani wako kumi na wanane. Stan yumo, anakula kama hajawahi kuoa. Darka naye amekuja."

"Mama, sasa hivi? Mbele ya wote?"

"Kwani wewe siku zote hupendi nyumba iliyojaa?"

"Sitaweza hata kumeza."

"Sikukuuliza kama utameza." Akausukuma mlango wa sebuleni kwa bega, na vicheko vyote vikatugeukia. "Sogeeni, mpeni Olena kiti. Ana neno la kuwaambia. Ingia, mwanangu. Ingia ule kwanza."