Mkono Juu ya Santuri

Koleo alipoishika ile santuri kwa viganja viwili, kando kando, bila kuthubutu kuugusa uso wake kwa vidole, nikajua. Zote zilizotangulia alizichomoa na kuzirudisha kwenye boksi hovyo hovyo. Hii aliinamisha kuelekea dirishani, akaguna, akasema, "Mikwaruzo mitupu."

Muongo mkubwa! Santuri ilikuwa safi kama imetoka kiwandani leo, na lebo yake ilikuwa ya kijani. Sisi wakusanyaji tunaijua hadithi yake. Bendi iliyoipiga ilitoa chache za kijani, mwenye kiwanda akagombana na mwimbaji, zilizofuata zote zikatoka na lebo nyekundu. Nyekundu utapewa kama nyongeza. Kijani, mtu mzima na akili zake atalipa kodi ya chumba ya mwaka mzima ili aipate.

Tulikuwa sebuleni kwa shemeji yangu, mjane wa kaka. Santuri zilikuwa za kaka, ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa kuzikusanya. Shemeji alikuwa amepata chumba cha kufanyia kazi yake ya ushonaji, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kabla ya kesho jioni, la sivyo chumba kinakwenda kwa muuza simu. Ndiyo maana aliamua kuuza boksi zima. Alinipigia simu akisema, "Shemeji, njoo ukae na mimi. Mambo haya siyajui."

Nikaja, nikakaa. Kukaa tu.

Mnunuzi alikuwa mhasibu mmoja, mwenzangu katika chama chetu cha santuri. Tunamwita Koleo kwa sababu akikamata kitu haachii. Na chama kina sheria moja isiyoandikwa popote: mkono wa mtu ukiwa juu ya santuri, wengine kimya mpaka aiweke chini. Hutaji bei, hukohoi, hukonyezi. Iliwekwa baada ya wazee wawili wenye wajukuu kugombania jalada mpaka likachanika. Ukiivunja, hakuna atakayekuuzia wala kubadilishana nawe tena.

Shemeji akataja bei yake, kodi ya ile miezi sita.

"Mama, hii ni plastiki," Koleo akasema kwa sauti ya kumfariji mgonjwa. "Nani anapiga santuri siku hizi? Nakupa ya miezi mitatu."

"Marehemu alizipenda sana hizi."

"Mapenzi hayana bei, mama. Ndiyo maana hayauziki."

Nilitamani kumtia kofi. Shemeji akanigeukia. "Shemeji, wewe unaonaje?"

Koleo hakunitazama. Mkono wake ulikuwa palepale juu ya santuri, umetulia. Sitajifanya malaika: sheria ilinifunga mdomo, lakini tamaa nayo ilikuwemo. Nilikuwa naomba Mungu aiweke chini, japo kidogo tu, ili mkono wangu uende juu yake.

"Mwenye kununua ndiye anayejua," nikasema.

Shemeji akaitikia kwa kichwa polepole. Koleo alipoona mlango umefunguliwa, akaingia mzima mzima. Akakumbuka kwamba boksi lina unyevu, kwamba majalada mengine yameliwa na mende. Miezi mitatu ikawa miwili. Kwa pesa hiyo chumba hakipatikani, na shemeji alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini mwenye shida hachagui. Akashusha pumzi, akanyoosha mkono.

"Basi, nipe."

"Usipokee!" Nilisimama bila kujua. "Hiyo ya kijani peke yake ni kodi ya mwaka mzima."

Koleo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Umesema mkono wangu ukiwa juu?"

"Nimesema."

"Haya. Chama umeshajitoa mwenyewe."

Shemeji hakutushughulikia. Alimkazia macho Koleo. "Ni kweli anachosema?"

Koleo akaiangalia lebo, kisha akamwangalia yeye. Haki yake nimpe, hakudanganya tena. "Ni kweli, mama."

"Unayo hiyo pesa?"

"Ninayo."

"Chukua hiyo moja kwa bei hiyo. Boksi linabaki."

Koleo akatoa simu, akalipa papo hapo. Simu ya shemeji ililia, akasoma ujumbe, akafumba macho kidogo. Chumba kimepatikana. Nikacheka. "Afadhali nimesema, shemeji!"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu alipoishika tu," nikajibu kwa majivuno ya mtaalamu, kisha nikalisikia jibu langu mwenyewe.

"Kwa hiyo nilipokuuliza unaonaje, ulikuwa unajua."

Nikaanza kumweleza habari za sheria ya chama, mkono juu, wengine kimya. Nilipofika katikati shemeji akanikatiza.

"Huyu alikuja kununua," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mnunuzi lazima avutie kamba kwake, sikumtegemea anionee huruma. Wewe nilikuita kama ndugu yangu."

Akaenda kufungua mlango, akaushikilia wazi. Nikachukua kofia yangu, nikapita mbele yake nikitazama sakafu. Koleo naye akainuka na santuri yake kifuani.

"Wewe kaa," shemeji akamwambia. "Nitakuletea chai."