Kichupa cha Mwisho cha Mzee Kusakabe

Mvuke mweupe ulimwagika kutoka mdomoni mwa mtungi, ukamfunika Chizuru viatu. Alikitoa kichupa kwa koleo, akakitazama, akakirudisha. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile.

"Mwanangu, unavua samaki humo?" aliuliza Mzee Kusakabe.

Chizuru hakucheka. Mbegu ya uyoga wa mzee huyu, urithi kutoka kwa baba yake, ilikuwa imelala mtungini, kwenye baridi kali ya naitrojeni ya majimaji, tangu Chizuru aajiriwe kwenye kituo hiki cha kuhifadhi mbegu akiwa msichana. Joto la kiangazi kilichopita lilikuwa limeua yote iliyobaki milimani. Vichupa viwili vilikwisha kufunguliwa, visizae kitu. Kilibaki hiki kimoja.

"Kikifa hiki, Mzee, ndiyo basi tena. Kikikaa humu, angalau kipo."

"Kipo kwa nani? Hakioti, hakiliwi! Au unangoja nife mimi kwanza?" Akaugonga mtungi kwa vifundo vya vidole, kama wakulima wa kwao wanavyoyagonga magogo kwa nyundo ya mti ili uyoga ushtuke, utoke. "Amka, mvivu wee!"

Chizuru akaangua kicheko, kisha akaona haya. Aliajiriwa awe mlinzi wa mbegu. Ubahili huu aliuanza lini? Akakitoa kichupa na kukitia papo hapo kwenye maji ya uvuguvugu, maana kilichogandishwa polepole huyeyushwa upesi; ukisitasita, umekiua.

Mbegu akaipanda kwenye kisahani cha kioo, akawa anakichungulia asubuhi na jioni. Hata asubuhi moja akaona humo unyuzi mweupe, mwembamba kuliko unywele. Alimpigia mzee simu, lakini akabaki kulia tu.

"Nani amekufa?" mzee alipiga kelele.

"Hakuna! Hakuna aliyekufa!"

Nyuzi zilipokua, sehemu ilirudi mtungini, nyingine ikapandwa kwenye magogo ya mialoni. Vuli ya pili wakaketi kando ya jiko la makaa, uyoga umelazwa kichwa chini, tone la mchuzi wa soya katika kila mmoja. Mzee alitafuna amefumba macho.

"Ndio wenyewe?" Chizuru aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Wewe uliyelala nao miaka yote hiyo?"

"Sijawahi kuuonja, Mzee."

Mzee Kusakabe akafumbua macho. Kisha akausukuma upande wa Chizuru uyoga mkubwa kuliko wote, ule aliokuwa amejitengea mwenyewe.

"Basi kula, mwanangu. Kula kabla haujapoa."