Timazi wa Kwanza

Mtoto alikuwa na wiki sita na bado hana jina. Kwenye kadi ya kliniki, pale pa kuandika jina, palikuwa peupe, na kesho yake ilikuwa siku ya chanjo. Nesi alishawaonya: wakija tena mikono mitupu, ataandika lolote litakalomjia kichwani.

Si kwamba majina yalikosekana. Mama mtu alikuwa na lake tangu mimba ina miezi mitano. Yeye ni mwashi, mwanamke pekee mtaani pale anayejenga nyumba za watu, na wote humwita Fundi. Jina alilolitaka ni Timazi.

"Timazi?" mama mkwe wake aliuliza siku ya kwanza kulisikia. "Lile dude la kwenye uzi?"

"Hilo hilo, Mama."

"Haya. Wa pili tutamwita Mwiko, na wa tatu Toroli."

Fundi alicheka kwa sababu ilichekesha kweli, lakini moyoni iliuma. Marehemu baba yake, mwashi kama yeye, alimwachia kitu kimoja tu hapa duniani: uzi wenye kipande cha shaba kilichochongoka, unaouning'iniza kando ya ukuta ukuambie kama umesimama wima au umeinama. Alimfundisha kuutumia akiwa na miaka tisa, mafundi wenzake wakimcheka kwamba anapoteza muda na binti. Mzee aliendelea kumwelekeza. Alisema tu kwamba binti yake ana mkono uliotulia. Sasa Fundi alitaka kila atakapomwita mwanawe amkumbuke mzee yule, na hilo kwake halikuwa jambo la mzaha.

Mama mkwe naye alitaka mjukuu achukue jina la dada yake yeye bibi, jina zuri, la heshima, ambalo mtaani pale wanalo wasichana kumi na wanne na mbuzi mmoja. Mume wa Fundi, fundi cherehani, alikubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Asubuhi alikuwa upande wa mkewe, jioni chai ikamkuta upande wa mama yake.

Mvutano ungeendelea hivyo kama si ukuta. Mama mkwe alikuwa anajengewa chumba uani, cha kulala yeye na mjukuu pindi Fundi atakaporudi kazini. Kazi alimpa mtoto wa kaka yake, jamaa anayeitwa Chapchap, na jina hilo hakulipata bure. Ukuta wa mbele aliupandisha kwa siku mbili. Fundi, aliyejifungua kwa upasuaji na kukatazwa kunyanyua hata ndoo, aliutazama kupitia dirishani akinyonyesha, roho ikamruka.

"Mama, ule ukuta umeinama."

"Wivu huo," mama mkwe akasema. "Umekaa ndani wiki sita, mikono inakuwasha."

"Shemeji, jicho langu hili ndilo pima maji," Chapchap akadakia kutoka uani.

Fundi akaona hapa maneno hayasaidii. Akamkabidhi mumewe mtoto, akachukua timazi ya baba yake, akatoka na kiti mpaka chini ya ukuta. "Mimi nimekatazwa kupanda. Panda wewe, Mama, ushike uzi kwa mkono wako, asije mtu akasema nimeuvuta."

Mama mkwe akapanda, kwa shari zaidi kuliko kwa imani. Akaubana uzi juu kabisa, shaba ikashuka, ikayumba huku na huku.

"Upepo huo," Chapchap akasema.

"Basi tusubiri," Fundi akasema.

Wakasubiri. Shaba ikapunguza kuyumba, ikapunguza, mpaka ikatulia. Juu uzi uligusa tofali. Chini, kati ya shaba na ukuta, Fundi aliingiza ngumi yake nzima, akaitoa, kisha akaiingiza tena ili mama mkwe aone vizuri.

"Shangazi, uzi haujui uimara," Chapchap akasema, na ili aonyeshe uimara akaingia upande wa ndani akaegemeza bega. Fundi akawahi kumshusha mama mkwe na kumvuta kando. Ukuta haukubishana na mtu. Uliondoka mzimamzima ukalala uani, na vumbi lilipotua Chapchap alikuwa amesimama peke yake, bega bado limeinamia hewa.

Mama mkwe alipatazama pale alipokwisha kupima pa kuweka kitanda chake na cha mjukuu, chini ya paa ambalo ukuta ule ungelibeba. Akaketi juu ya tofali, akalia. Uzi ulikuwa bado mkononi mwake.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "mzee wako alikuwa mtu."

Kesho yake kliniki, nesi aliposhika kalamu, Fundi hakupata nafasi hata ya kufungua mdomo.

"Timazi," mama mkwe akasema. "Andika kwa herufi kubwa."

"Ndiyo nini hiyo, Bibi?"

Hapo akawa amemchokoza. Mama mkwe akaeleza maana ya jina, asili yake, shaba, uzi, baba wa mkwewe, ngumi na vumbi, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, utadhani jina kalibuni mwenyewe. Kina mama kwenye benchi wakaweka simu chini. Wiki ile alilieleza sokoni, saluni na kwa muuza mkaa. Chumba kilijengwa upya, Chapchap akipandisha matofali na Fundi ameketi kitini na uzi wake, na kila mgeni aliyefika alisimamishwa mbele ya ukuta akasimuliwa.

Mtoto alipofikisha miezi tisa wakarudi kwa chanjo ya surua. Nesi akatokeza mlangoni na kadi.

"Timazi."

Wanawake wanne wakasimama, kila mmoja na mtoto wake.

Fundi aliduwaa, mtoto kifuani. Dude la mzee aliyechekwa sasa lilinyonya, lilitambaa, na lilikuwa na meno mawili. Alitamani baba yake awe hai hata dakika moja tu, aione foleni ile.

Mama mkwe hakuduwaa. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akawapungia wale watatu wengine wakae.

"Subirini kidogo, wanangu," akasema, kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Wa kwanza ndiye huyu. Uzi niliushika mimi mwenyewe."